Maneno Juu ya Safari za Mjini na Faini ya Kuchelewa

(Yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, yakapigwa chapa humu kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri ilitutaka tuandike maneno machache ya kusomwa kabla ya hesabu ya mwaka, ili waliokwisha kufika wapate kitu cha kusikiliza wakati wenzao wangali njiani. Agizo hilo lenyewe ndilo lililotupa jambo la kunena. Mkutano huitwa saa nane kamili, na kila mwaka, saa nane inapokuwa imepita kwa robo, nusu ya viti vya ukumbi huu huwa vitupu. Aliyewahi kuliko wote ni mtunza hazina, naye huketi mlangoni pamoja na kopo la faini. Twajua kopo lile lina nini. Lakini hao wanaolijaza hatujapata kuuliza wametokea wapi, wala wamepita wapi hata wakachelewa.

Kanuni ya faini ni ya zamani. Iliandikwa na wazee waliokaa Muthurwa, Makongeni, Shauri Moyo na hapa Kaloleni, katika nyumba za Reli na za Baraza la Mji, wakati mtu aliweza kuamka, akanywa uji wake, akafika karakana ya Reli kwa miguu bila kutokwa na jasho. Barabara ya Jogoo ilikuwa ingali ikiitwa Doonholm Road, na mwenye baiskeli alihesabiwa kuwa mtu wa maana. Mabasi yalikuwapo, maana kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, ila wengi hawakuyahitaji kila siku. Hata mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, Waafrika wa mji huu walipogoma kuyapanda, watu walikwenda kazini kwa miguu na kurudi. Kwa watu wa namna hiyo, wakaao mwendo mfupi kutoka mlango huu, kuchelewa mkutanoni kulikuwa ni uvivu tu, na mvivu alistahili kutozwa. Wazee wetu hawakukosea.

Baadaye yakaja magari ya watu binafsi, mengine mabovu kiasi cha kumtisha fundi, yaliyotoza mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Na jina lile halijatutoka kinywani hata leo, ijapokuwa hakuna tena safari ya senti thelathini. Yalifanya kazi kwa kuvizia na kujificha hata mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni ya biashara hiyo. Tangu hapo mji uliweza kutanuka kadiri matatu zilivyoweza kufika, nasi tukatanuka pamoja nao. Leo hii mwanachama wa chama hiki anakaa Rongai, mwingine Githurai, mwingine Kayole, Ruai, Mlolongo au Kitengela. Hatukuhamia huko kwa kupenda upepo. Tulifuata kodi ya nyumba iliyo nafuu, na kila tuliposogea mbali, tulichokiokoa katika kodi kilidaiwa na nauli.

Basi twaomba ruhusa tusafiri kidogo na huyo anayechelewa. Safari yake ina machungu, lakini vichekesho navyo havikosi.

Afikapo kwenye steji alfajiri, makanga humwita kwa sauti ya upendo ambayo hata mjomba wake hajapata kuitumia. Humwambia kwamba gari limejaa, kimebaki kiti kimoja tu, na kwamba Mungu amemwekea yeye. Achunguliapo ndani huona kweli limejaa. Huingia, huketi, hushukuru. Punde jirani yake hukohoa, huinuka, hushuka. Kisha wa nyuma naye hushuka, na yule mwenye gazeti, na yule aliyekuwa akisinzia. Kumbe wote walikuwa abiria wa bandia, walioajiriwa kukalia viti ili gari lionekane limejaa. Na abiria wa kweli hubaki peke yake na dereva, akingoja nusu saa nyingine. Kijana mmoja wa kwetu aliyekosa kazi aliifanya hiyo kwa muda. Alitueleza kwamba ndiyo kazi ya pekee hapa mjini ambayo mtu hulipwa kwa kuketi tu. Mzee mmoja akamjibu kwamba iko na nyingine, akatugeukia sisi makarani.

Gari linapongoja kujaa, huingia mhubiri. Huomba kwa ajili ya safari, kwa ajili ya dereva, na kwa ajili ya breki, kisha hupitisha kofia. Anaposhuka huingia muuza dawa, mwenye chupa moja iponyayo meno, tumbo, mgongo na madeni. Nasi tumegundua kwamba mhubiri akiombea breki kwa juhudi kubwa kupita kiasi, yafaa mtu afikirie gari jingine.

Na habari ya chenji? Makanga hukusanya fedha kwa haraka, lakini kurudisha hakuna haraka. Ikiwa anadaiwa shilingi 50 na abiria huyu, na 50 na abiria yule, huwapa wote wawili noti moja ya 100, akawaambia, "Mtagawana hapo mbele." Mwanachama wetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliunganishwa hivyo na bibi mmoja asiyemjua. Wakashuka pamoja. Wakaenda duka la kwanza kuomba noti ivunjwe, hakuna. La pili, hakuna. Mpaka wakalazimika kununua ndizi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezitaka. Jirani aliwaona wakitembea bega kwa bega wakila ndizi, na habari ikamfikia mkewe kabla yeye mwenyewe hajafika. Ndugu yetu alituapia kwamba shilingi 50 ile ilimgharimu juma zima la amani.

Liko na jambo la kuuzwa. Gari linalokwenda mbali likiona abiria wamebaki wachache, makanga husimama njiani, akapatana na gari jingine, akawakabidhi abiria wake kwa malipo, naye akageuza kurudi mjini kutafuta wengine. Watu wa mji husema hivyo hivyo, bila aibu: "Leo tumeuzwa." Mzee wetu mmoja, aliyekuja kumtazama mwanawe Rongai, alitoka Voi kwa lile gari moshi jipya lililoanza safari zake mwaka 2017, akashuka Syokimau hata hakuchoka. Siku ile aliuzwa mara mbili. Alipofika kwa mwanawe usiku alisema kwamba safari yake ilianza alipokwisha kushuka kwenye gari moshi.

Serikali kwa nyakati mbalimbali imejaribu kuyarekebisha mambo haya, nasi si watu wa kukana mema. Kanuni za mwaka 2004, zilizoletwa na Waziri Michuki, ziliweka mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Na matatu ndogo iliyokuwa ikipakia watu 18 ikapakia 14. Tulikaa kama binadamu. Nauli nazo zikapanda, maana wale wanne walioshushwa walilipiwa na waliobaki. Halafu mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu, ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo mwenye gari hulipa ushuru akapita. Ni barabara nzuri sana. Wengi wetu twaijua zaidi kwa kivuli chake.

Bwana Mwenyekiti, tumecheka vya kutosha. Sasa twaomba daftari lifunguliwe.

Mwanachama atokaye Rongai kwenda kazini kwake Industrial Area hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tumeketi naye tukapiga hesabu: siku njema hutoa shilingi 100 asubuhi na 100 jioni. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200 kwa mwezi, na hapo mvua haijanyesha. Mvua inyeshapo, nauli ya jioni hupanda mara mbili mbele ya macho yake, naye hana wa kumshitakia, kwa kuwa nyuma yake wako watu hamsini walio tayari kulipa. Mchango wa chama chetu ni shilingi 300 kwa mwezi, nao kwake ni sawa na safari ya siku moja na nusu. Hizo hatoi kwa uzito. Lakini Jumapili ya mkutano yampasa atafute nauli nyingine ya kuja hapa, na ya kurudi. Na kwa kuwa Jumapili abiria ni wachache, gari halitoki mpaka lijae, naye huketi steji saa nzima akiwa amevaa koti lake la kanisani. Akifika, kopo linamngoja. Shilingi 50.

Tulipitia orodha ya waliotozwa mwaka huu. Majina yaliyojaa ni ya Rongai, Ruai, Kitengela na Mukuru. Wakaao Makongeni na Buru Buru hatukumwona hata mmoja. Labda yuko atakayesema kwamba watu wa Makongeni wana adabu kuliko watu wa Ruai. Sisi tuliozaliwa nao vijiji vimoja hatuwezi kusema hivyo.

Sasa twafika mahali pagumu, nasi twaomba wazee watuvumilie, maana hapa twajisema wenyewe.

Yuko ndugu yetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala moja huko Industrial Area. Alikaa Mukuru kwa Njenga kwa sababu hiyo moja, aweze kwenda kazini kwa miguu. Mchango wake haukuchelewa hata mwezi mmoja. Ghala lile likafungwa, naye akapata kazi ya ubawabu Westlands, upande wa pili wa mji. Toka mwezi ule mchango wake ulikatika: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kanuni yasema miezi mitatu. Sisi wawili, karani na mtunza hazina, tulichukua kalamu ya wino mwekundu na rula, tukapiga mstari ulionyooka juu ya jina lake. Hatukumwendea nyumbani. Hatukumpigia hata simu, ingawa nambari yake ilikuwa kando ya jina, nasi tukaipitishia mstari pia.

Katika masika ya mwaka 2024, ambayo nyote mwayakumbuka kwa jinsi maji yalivyowafukuza watu majumbani mwao huko Mathare na Mukuru, sisi wawili tulikuwa tumetoka mjini jioni baada ya kikao cha Halmashauri. Magari hayakwendi. Tulianza kutembea, suruali zimekunjwa, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutochukua mwavuli. Karibu na stesheni ya Reli tuliona mtu mbele yetu amebeba viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akienda kwa hatua za mtu aijuaye njia. Alikuwa yeye. Alitusalimu kwa heshima kama ilivyo kawaida yake, akatwambia tumfuate. Katika Lusaka Road maji yalikuwa yamefunika barabara yote, lakini yeye alijua ukingo uko wapi, jiwe liko wapi, na mtaro usio na kifuniko uko wapi. Alimshika mtunza hazina mkono kama ashikavyo mtoto, akamvusha. Akarudi, akatuvusha sisi.

Tulipofika ng'ambo tulimwuliza: "Ndugu, hapa wapitia kila siku?"

Akasema: "Kila siku, isipokuwa siku ya mshahara."

Alitueleza bila kunung'unika. Asubuhi hana budi kupanda gari, kwa sababu akichelewa mwajiri humkata ujira. Jioni hakuna wa kumkata, basi hurudi kwa miguu, Westlands hata Mukuru, karibu saa tatu. Nauli ya jioni ndiyo ada ya shule ya mtoto wake wa pili. Tulimwuliza ameanza lini. Alipoutaja mwezi, hatukutazamana usoni, maana tuliujua. Ulikuwa mwezi ule ule ambao mchango wake ulikatika katika daftari letu. Wala hakutuuliza habari za jina lake. Alituuliza kama tutafika salama.

Lau habari ingekomea hapo, tungekuwa na kisa cha kusimulia tu. Mwezi Julai mama yake alifariki kule nyumbani Taita. Ombi likaletwa mbele ya Halmashauri, kwamba sanduku la msiba limsaidie kama lilivyowasaidia wengine. Ikaulizwa kama ni mwanachama. Sisi tulifungua daftari, tukasema kwamba jina lilikwisha kufutwa, na tarehe tukaitaja. Hivyo ndivyo tulivyojibu. Sisi wawili tuliovushwa maji tulikuwamo chumbani mle, na habari ya miguu ile hatukuisema, kwa kuwa haikuulizwa, na kwa kuwa karani hujibu lililoulizwa. Sanduku halikufunguliwa. Ndugu wachache walichanga kwa mikono yao. Alifika Taita mama yake amekwisha kuzikwa, siku moja nyuma.

Mwezi Novemba alirudi, akalipa malimbikizo yote kwa simu, akaomba jina lake liandikwe upya. Tuliliandika. Katika ukurasa ule majina yote ni meusi, nalo lake laonekana mara mbili, moja limepigwa mstari na moja halikupigwa. Na kila tufunguapo daftari jicho huanzia hapo.

Kwa hiyo twaleta hoja, si kama karani tu, ila kama watu wenye deni. Faini ya kuchelewa na iondolewe. Jina la mwanachama lisifutwe mpaka watu wawili wa Halmashauri wamekwenda hata nyumbani kwake, wakaketi, wakauliza; tena waende kwa nauli yao wenyewe, wapate kuijua njia. Mkutano wa robo mwaka uwe ukihama, Rongai safari hii, Ruai safari ijayo, ili watu wa Makongeni nao waonje ladha ya kuuzwa njiani. Wazee wengine wamekwisha kutwambia kando kwamba pasipo faini mkutano utaanza magharibi. Huenda ikawa hivyo kwa mkutano mmoja au miwili. Lakini kwa miaka yote ya faini mkutano haujapata kuanza saa nane, na kopo limejaa kila mwaka. Basi faini imetuletea fedha, saa haikutuletea. Na mwenye shaka juu ya michango na ajue kwamba aghalabu sasa hulipwa kwa simu, hata na wale wanaoketi mita mia kutoka mlango huu. Hakuna fedha itakayopotea kwa mtu kuchelewa kuingia ukumbini.

Kuhusu shilingi zilizo ndani ya kopo leo, twapendekeza zirudishwe kwa wenyewe. Orodha tunayo, haitachukua muda.

Ndugu yetu yule alitupigia simu asubuhi. Zamu yake ya Jumapili yaisha saa saba, huko Westlands, naye alisema kwamba atakuja, na kwamba ameweka kando nauli na shilingi 50 za faini. Tulitaka kumwambia asiziweke, lakini hatuna mamlaka hayo. Ninyi ndio wenye mamlaka. Twaomba hoja ipigiwe kura sasa, kabla ya hesabu kusomwa, ili akifika akute mlangoni pana mtunza hazina peke yake.